Kabla Hujaandika "Mtoro": Jinsi ya Kumsaidia Kijana Mwenye Mawazo Shuleni

Ninafundisha Biolojia katika shule moja ya kata huku milima ya Usambara, na huu ni mwaka wangu wa tisa nikiwa mwalimu wa unasihi, yaani wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi. Sikuiomba kazi hiyo. Kikaoni mkuu wa shule wa wakati ule alizungusha macho, yakanitua mimi, akasema, "Madam, wewe una roho ya mama, chukua hii." Nilikabidhiwa kiti kimoja cha plastiki na ufunguo wa stoo ya maabara. Mafunzo yalikuja baadaye, ya siku chache. Ninaandika kwa mwalimu mwenzangu aliyekabidhiwa kiti kama changu, na kwa matroni na patroni, ambao mara nyingi wanawajua vijana kuliko sisi wenye chaki.

Naanza na kosa langu. Kijana wa kidato cha pili, mwenye kichwa chepesi, alianza kuchelewa. Akija anasinzia. Nilimpigisha magoti mbele ya wenzake, na siku asizokuja niliandika "mtoro" kwa wino mwekundu. Wiki ya sita akakatika kabisa. Nilipopanda hadi kwao, mwendo wa saa mbili kwa miguu, nilimkuta mama yake kalala tangu Februari. Kijana ndiye aliyekuwa akimwogesha, akiwapikia wadogo zake wawili, kisha anakwenda kuchuma nyanya za watu apate hela ya unga. Niliporudi nilifungua daftari nikahesabu. Neno "mtoro" nilikuwa nimeliandika mara kumi na moja.

Anza na daftari la mahudhurio

Hicho ndicho kipimo cha kwanza ulichonacho, na ni cha bure. Kila Ijumaa saa nane mchana ninakusanya madaftari ya madarasa yote nakaa nayo nusu saa. Simtafuti mtoto mbaya, natafuta aliyebadilika. Mtoto aliyekuwapo kila siku sasa anakosa Jumatatu tu. Msichana ameomba ruhusa ya kwenda zahanati mara nne mwezi huu, kichwa, tumbo, tena kichwa, na kila mara anarudi na panadol. Mwingine hakosi hata siku moja, lakini mwalimu wa Kiswahili anasema insha zake zimekuwa mistari mitano.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili. Kidato cha tatu B ninacho na wanafunzi 56, kwa hiyo hesabu inanipa wanane. Darasa halifuati hesabu ya dunia, naelewa, lakini kama una wanafunzi 56 na humjui hata mmoja anayehangaika, rudi ukaangalie tena.

Na usitegemee machozi. Sonona kwa mtu mzima tunaizoea kama huzuni, kukaa kimya, kukosa hamu ya kula. Kwa kijana inaweza kuvaa sura ya hasira. Anakujibu ovyo, anapigana kwa sababu ya kalamu, anaacha mpira aliokuwa akiupenda. Walimu wanasema ana kiburi, au "amepata kundi". Hali ya namna hiyo ikikaa wiki mbili mfululizo, karibu kila siku, haitaki tena kusubiri.

Usimwite ofisini

Mwanafunzi anayeitwa ofisi ya walimu anavuka uwanja mzima akitazamwa, na kabla hajafika wenzake wameshaamua ana mimba au kaiba. Nilijaribu stoo ya maabara. Inanuka dawa, na kwenye rafu kuna chura ndani ya chupa anayekukodolea macho. Kwa muhula mzima hakuna aliyeniambia la maana mle.

Palipofanya kazi ni jikoni. Siku ya Alhamisi maharage ya shule huchambuliwa, nami nikamwomba mpishi aniachie sinia moja. Ninayetaka kuzungumza naye nampitia darasani kwa sauti ya kawaida, "Njoo unisaidie maharage." Hakuna anayeshangaa, maana wengine pia huitwa. Tunakaa ubavu kwa ubavu, macho kwenye sinia, mikono ina kazi. Kijana haongei akitazamwa usoni, lakini akitazama mawe kwenye maharage anaongea. Wewe waweza kutumia bustani, kufuta vitabu vya maktaba vumbi, au kutembea naye hadi bombani. Jambo moja usilivunje: muonekane na watu, msisikike. Hasa mwalimu wa kiume na binti. Mlango uliofungwa haumsaidii yeyote.

Maneno nayo yana mitego. Nikimuuliza mtoto wa huku, "Una tatizo la akili?" nimemfukuza. Wilaya ya jirani, Korogwe, kuna hospitali ya Lutindi, iliyoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikaanza kupokea wagonjwa wa akili. Imewasaidia watu wengi hadi leo. Lakini uwanjani jina lake ni tusi: "Huyu wa Lutindi huyu." Wa Dodoma wana Mirembe yao, Wakenya wana Mathari. Basi mimi naanza na mwili, kwa sababu mwili hauna aibu.

"Siku hizi usingizi unakujaje?"

"Nalala tu, madam."

"Ukilala unaamka saa ngapi?"

"Saa nane. Halafu haurudi."

"Na hiyo saa nane, unawaza nini?"

Hapo hunyamaza. Nawe nyamaza. Walimu tuna ugonjwa wa kujaza kimya, tunadhani kila swali lisilojibiwa ni la kurudia kwa sauti kubwa. Chambua maharage. Niliwahi kumaliza nusu sinia kabla binti hajasema, "Nawaza kwa nini baba alimchukua mdogo wangu akaniacha mimi."

Akishaanza, usimkatize kwa mawaidha. Kuna kauli zinazofunga mlango papo hapo: "Wewe mtoto mdogo una mawazo gani?" "Wenzako hawana hata viatu." "Mwachie Mungu tu." Hiyo ya tatu sisemi ni uongo. Mimi mwenyewe nasali, na sheikh wa kijijini na mchungaji ni watu ninaowategemea. Lakini ikitolewa haraka, mtoto anasikia umemwambia nenda. Sema kwanza ulichosikia: "Kwa hiyo tangu Machi hujalala vizuri, na nyumbani hakuna unayemwambia." Akikusahihisha, ndiyo mazungumzo yameanza.

Na usiahidi siri usiyoweza kuitunza. Maneno yangu ni haya, kila mara, mapema: "Utakayoniambia sitayatangaza. Ila kama kuna anayekuumiza, au wewe unataka kujiumiza, au kumuumiza mtu, hapo nitamwambia mtu wa kutusaidia, na nitakuambia wewe kwanza kuwa ni nani." Wapo wanaonyamaza baada ya hapo. Wengi wao hurudi wiki inayofuata.

Swali gumu

Liulize. Kumuuliza kijana kama anafikiria kufa hakumpandikizii wazo hilo. Aliye nalo hupumua, asiye nalo atakushangaa tu. Mimi husema, "Mtu akichoka hivi, kuna wakati anaona bora asiwepo. Wewe imekufikia hapo?" Akisema ndiyo, naendelea kwa sauti ileile: je, amefikiria namna, amepanga lini? Usipige kelele, usilie, usimwambie ni dhambi. Dhambi anaijua.

Kuanzia hapo hakai peke yake hata dakika moja, wala chooni hajifungii. Usimpe barua arudi nayo nyumbani. Mpigie mzazi au mlezi aje, na siku hiyohiyo mwende naye hospitali ya wilaya, wewe au matroni mkiwa naye. Mwambieni daktari kwa maneno wazi, maana ukisema "anaumwa kichwa" kwa kumwonea haya, atapewa dawa ya kichwa. Simu ya Mtoto, 116, haina malipo, nawe mwalimu unaruhusiwa kuipiga ukikwama. Kama kisa ni ukatili au kubakwa, mhusishe afisa ustawi wa jamii wa halmashauri na dawati la jinsia na watoto la polisi. Usikubali kikao cha familia cha kuyamaliza.

Huku kwetu tunalima nyanya, kabichi na hoho, kwa hiyo dawa za wadudu zimo kila nyumba, na stoo ya kilimo ya shule nayo ilikuwa wazi. Sasa ina kufuli, ufunguo uko kwa watu wawili. Mzazi naye nampa kazi hiyohiyo: fungia dawa, mpe jirani akutunzie. Wakati mbaya kabisa kwa kijana mara nyingi hupita. Tunachotaka ni umkute mbali na kitu cha kumdhuru.

Wasichana wanapoanguka

Hili la wasichana kuanguka mmoja baada ya mwingine watu huniuliza kuliko yote, na ndipo shule nyingi huharibu.

Januari 30, 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya misheni kule Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka wakashindwa kuacha. Kufikia Machi 18, shule ilipofungwa, walikuwa wamepatwa wasichana 95 kati ya 159. Walicheka, walilia, wengine walihangaika huku na huko. Hakuna mwalimu hata mmoja aliyepatwa. Madaktari walipima, hawakukuta sumu kwenye chakula wala kijidudu. Wasichana waliporudi makwao, hali ikafuata vijijini, na kule Nshamba ikawashika watu 217. Watu hulisimulia kama kichekesho. Mimi nalisoma kama mwongozo: hofu inaambukiza kwa macho na masikio, inawashika walio chini na kuwaruka walio juu, na kuwatawanya watoto ghafla si dawa.

Kwetu ilikuwa Agosti, wiki ya moku, mtihani wa majaribio. Msichana wa kwanza alianguka mstarini Jumatatu akipiga yowe. Hadi Jumanne jioni walikuwa tisa. Kulikuwa na walimu wenye simu hewani wakirekodi, mmoja akikemea pepo kwa sauti kubwa, na wanafunzi zaidi ya mia nne wamezunguka. Kila yowe lilizaa jingine. Matroni wetu, mama asiyepita darasa la saba, ndiye aliyetuokoa. Alisema, "Toeni macho ya watu hapa."

Basi fanya hivi. Vunja mkusanyiko kwanza, wanafunzi waende madarasani na kazi ya kufanya. Simu zifungwe, za walimu pia. Aliyeanguka apelekwe chumba chenye hewa, na mtu mmoja tu mtulivu. Wakiwa wengi usiwalaze pamoja. Muuguzi awapime kwanza, malaria na sukari, aulize kama wamekula, na usidhani kwa sababu wa pili ni hofu basi na wa kwanza ni hofu. Kama ni kifafa, mlaze ubavu, ondoa vya kumgonga, usimtie kijiko mdomoni, na ikipita dakika tano ni hospitali. Usimwambie "unajifanya". Hajifanyi. Mwili umechukua kilichoshindikana kusemwa. Wazazi wakitaka kumleta sheikh au mchungaji, sisi tulikubali, chumbani, kwa mtoto mmoja mmoja na kwa sauti ya chini.

Kisha, mambo yakitulia, kaulize kinachowakandamiza. Sisi tulikuta mambo mawili. Pampu ilikuwa imeharibika tangu Julai, wasichana wakiamka saa tisa usiku kuteka maji mtoni kabla ya moku. Na kitanda cha mwenzao aliyefariki mwaka uliotangulia kilikuwa bado bwenini, mtupu, hakuna mtu mzima aliyewahi kukaa nao akataja jina lake. Tulitengeneza pampu. Tulikaa nao jioni moja, walioweza wakamsimulia marehemu, wakacheka kidogo, wakalia sana, kitanda kikatolewa na wao wenyewe. Hakuna aliyeanguka tena muhula ule.

Yanayobaki mikononi mwa shule

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa nane hadi kumi. Bwenini kwetu taa zilizimwa saa nne na nusu usiku, kengele ikalia saa kumi na nusu alfajiri. Hizo ni saa sita, na bado tukauliza kwa nini wana hasira. Nilibishana miezi miwili kuhusu kengele. Mkuu wa shule alikubali siku alipoingia kipindi cha Hesabu kidato cha nne akawakuta kumi na saba wamelala, na mwalimu anafundisha. Sasa kengele ni saa kumi na moja na nusu. Bado haitoshi, lakini zahanati wanatuona kidogo.

Viboko. Kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002 zinasema visizidi vinne, atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, binti achapwe na mwalimu wa kike kama yupo, na viandikwe kitabuni. Ukizisoma utagundua mengi tunayofanya mstarini yako nje ya kanuni zetu wenyewe. Mimi niliomba kwa barua nitolewe kamati ya nidhamu na sishiki fimbo tena. Wenzangu wawili walinuna. Lakini mtoto niliyemchapa saa mbili hawezi kuja kwenye sinia langu saa tisa.

Mzazi mfuate kwake ukiweza, na usianze na tatizo. Shikamoo, habari za shamba, kisha jambo jema la kweli kuhusu mtoto, kisha swali: "Nyie nyumbani mmemwonaje siku hizi?" Baba mmoja aliniambia mwanawe karogwa na shangazi. Sikubishana. Nilimwambia, "Sawa mzee, hayo ya shangazi mtaangalia kifamilia, mimi naomba twende pia hospitali, vyote viwili." Akaja. Ningebisha, ningeshinda mjadala nikamkosa mtoto.

Jua sheria pia, maana kuna kukata tamaa kunakotokana na kutojua tu. Binti wa kidato cha tatu alikuwa halali wala hali kwa sababu dada yake alifukuzwa shule akiwa mjamzito miaka ya nyuma, naye siku zake zilikuwa zimechelewa. Hakujua kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanaojifungua kurudi shuleni. Nilimwambia hivyo kabla hata ya kipimo, akala chakula cha mchana chote. Kipimo kilionyesha hana mimba.

Wenzao nao ni wa kufundisha, maana kijana humwambia rafiki kabla yako. Nawaeleza viranja jambo moja: siri ya mtu anayetaka kufa si ya kutunza. Usiwafanye wanasihi wadogo, watabeba wasichokiweza.

Nawe tafuta wa kumwambia. Mimi nina mwalimu mwenzangu wa shule ya jirani. Tunapigiana Jumapili jioni, hatutaji majina ya watoto. Kabla yake nilikuwa naamka saa nane kama wao.

Halafu kuna likizo, ambayo walimu tunaisubiri na baadhi ya watoto wanaiogopa. Wiki ya mwisho kabla ya kufunga, Juni na Desemba, siandiki mada ubaoni. Kila mmoja anaandika 116 ndani ya jalada la daftari la Biolojia, lile asiloweza kulitupa, na chini yake jina la mtu mmoja huko aendako anayeweza kumwambia neno. Napita dawati kwa dawati nasoma. Mama, bibi, kaka, mwalimu wa madrasa, jirani. Desemba iliyopita msichana mmoja alikuwa ameacha wazi. Nilipoinama kumuuliza kwa sauti ya chini, akajibu, "Mbwa wetu, madam." Nikamwambia aandike, ni sawa. Kisha nikatafuta namba ya shangazi yake, nikampigia kabla basi halijaondoka.